Hesabu ya Deni la Halmashauri

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, waalimu na watu wa Lemara, Arusha



Neno tuliloombwa kulisema ni hili: Halmashauri ya Jiji la Arusha, au halmashauri yo yote iliyo kama hiyo, yaweza kukopa fedha kiasi gani? Swali hili huulizwa mara nyingi hapa Lemara kwa maneno mengine. Mvua za masika zikipita na njia zikikatika, mtu husema, "Mbona halmashauri isikope benki, ikajenga mifereji na barabara mara moja, kuliko kuziba mashimo kila mwaka?" Swali hilo ni la haki, wala aliulizaye si mjinga. Mfanya biashara hukopa akajenga duka, na mkulima wa kahawa hukopa akanunua dawa ya miti yake. Kwa nini baraza la watu wote lisikope? Sisi twasema kwamba laweza. Walakini kabla ya kutaja kiasi cha deni, sharti ijulikane kwanza gharama ya halmashauri hiyo ya kuendesha kazi zake, mwaka hata mwaka, na hapo ndipo wengi huruka mstari, hata sisi tuliozoea kalamu na daftari.

Hesabu hii si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1926, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron, ilitungwa Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji, na hazina za wenyeji zikapewa nguvu. Sehemu ya kodi ya nyumba na ya kichwa ilirudishwa katika hazina hizo, na katika fungu hilo walilipwa machifu, makarani wa baraza na matarishi. Kilichosalia kikafanya kazi za shule, dispensari na njia. Kila mwaka makadirio yaliandikwa, yakapelekwa kwa wakubwa wa Serikali yakaguliwe kabla fedha haijatoka. Atazamaye mpango ule aona jambo moja waziwazi: mishahara ilikaa mezani kwanza, na kazi za watu zikangoja nyuma.

Baada ya Uhuru halmashauri zilichukua mizigo mikubwa kuliko ile ya hazina za zamani, maana kila mahali watu walitaka shule na zahanati, na kila jengo lilitaka mtu wa kulitumikia. Mapato hayakufuatana na mizigo. Mwaka 1969 Serikali iliamua kuziondolea halmashauri za wilaya kodi yao ya kichwa na ushuru wa mazao, na yenyewe ikazibeba shule za msingi na kazi nyingine kubwa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa, na za miji zikafuata. Tena twakumbushwa na wazee jinsi miji ilivyokuwa katika miaka ile isiyo na baraza lake: mifereji iliziba, takataka zikarundikana, kipindupindu kikaingia nchini. Mwaka 1978 sheria ikarudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikatungwa sheria zinazosimamisha serikali za mitaa nchi nzima, pamoja na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kwa sheria hiyo halmashauri yaweza kukopa kwa kibali cha Waziri, na iliundwa Bodi ya Mikopo ya Serikali za Mitaa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Hapa twapenda kutofautisha mchango na gharama ya kila mwaka, maana watu wa mlima huu ni mashuhuri kwa michango. Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kusema neno lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Mchango ule ulikuwa wa jambo lenye mwisho: nauli ililipwa, na maneno yakasemwa. Kadhalika watu waweza kuchanga wakajenga zahanati mwaka mmoja. Lakini mshahara wa mganga, dawa, umeme, rangi ya ukuta na bati lililovuja havina mwisho. Vitadaiwa mwaka kesho na mwaka wa kumi. Watu wakisema "tumemaliza kujenga," kwa karani wa hesabu ndiyo kwanza gharama imeanza.

Basi gharama hizo zakadiriwaje? Mwenye kukadiria na achukue hesabu za miaka mitano zilizokwisha kaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wala asichukue makadirio, kwa kuwa makadirio huonyesha matumaini ya watu na hesabu iliyokaguliwa huonyesha mambo yaliyotukia. Kisha azitenge gharama kwa kadiri ya jambo linalozikuza. Ziko zinazofuata idadi ya watu, kama kuzoa taka na kuzipeleka dampo la Muriet. Ziko zinazofuata bei za sokoni, kama mafuta ya magari. Na ziko zinazofuata vitu vilivyokwisha kujengwa: kila barabara, kila taa ya njiani, kila choo cha shule ni kama ng'ombe aliyeongezwa zizini, lazima ale.

Tuchukue idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta katika Jiji la Arusha watu 416,442. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta 617,631. Waliongezeka zaidi ya laki mbili kwa miaka kumi, ndiyo kusema kama watu 4 kwa kila watu mia kila mwaka. Kwa mwendo huo huo, mwaka 2032 watapita laki tisa. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba bei nazo zapanda 4 katika mia kila mwaka. Basi gharama inayofuata watu na bei pamoja hukua zaidi kidogo ya 8 katika mia kila mwaka, na katika miaka tisa huwa mara mbili. Tarakimu ya 8 yaonekana ndogo katika karatasi, lakini ndivyo ifanyavyo.

Tuweke mfano mwingine wa kubuni, uwe kipimo chetu. Halmashauri fulani yapata shilingi 100 kwa mwaka, na kuendesha kazi zake kwatumia shilingi 90. Imebaki ziada ya shilingi 10. Tuseme mapato yakua 6 katika mia kila mwaka, na gharama zakua zaidi kidogo ya 8 kama tulivyoona. Katika mwaka wa tano mapato yatakaribia 134, na gharama zitakuwa 133 na kitu. Katika mwaka wa sita mapato yatakuwa 142, na gharama 144. Ziada imekufa, ijapokuwa hakuna mtu aliyeiba senti wala aliyefanya uvivu. Na kama halmashauri hiyo ilikopa deni la miaka kumi kwa kuitegemea ile ziada ya mwaka wa kwanza, itakuwa na miaka mitano ya kulipa pasipo kitu cha kulipia. Kwa hiyo anayekadiria nguvu ya kukopa asitazame ziada ya mwaka huu. Na atafute mwaka ulio dhaifu kuliko yote katika muda wa deni, aanzie hapo.

Na mapato yenyewe si yote yaliyo ya kuwekewa rehani. Mishahara ya waalimu na waganga hutoka Serikali kuu kwa ruzuku. Fedha hiyo hupita katika vitabu vya halmashauri, lakini ina mwenyewe, wala mkopeshaji hawezi kuishika. Tena katika mapato ya ndani, sheria iliyotiwa nguvu mwaka 2018 yataka sehemu 10 katika mia zitengwe kuwa mikopo ya vikundi: 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Halafu ziko kodi ambazo zaweza kuhama. Kodi ya majengo ilikuwa tegemeo la miji. Mwaka 2016 sheria iliikabidhi Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu mwaka 2021 ikaanza kukatwa katika luku mtu anunuapo umeme. Ushuru wa mazao nao ulipunguzwa mwaka 2017, kutoka 5 katika mia hata 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Hatusemi kwamba mabadiliko hayo yalikuwa mabaya. Mkulima aliyepunguziwa ushuru hakulia. Twasema kwamba mwenye mapato yanayoweza kubadilishwa na Bunge katika kikao kimoja asiyafunge kwa deni la miaka kumi kana kwamba ni mti wa mvule.

Tena Arusha ina udhaifu wake yenyewe, nao ni wageni. Hoteli, magari ya safari, maduka ya vinyago na hata muuza mboga wa Kilombero hula kwa wageni waendao Serengeti na Ngorongoro. Mwaka 2019 waliingia Tanzania watalii 1,527,230. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, wakaingia 620,867. Hawakufika nusu. Mwenye kukadiria mapato ya Arusha kwa miaka kumi bila kuweka ndani yake mwaka mmoja kama ule, hajakadiria.

Sasa twafika kwenye deni lenyewe. Riba tutaitoa Tanga. Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani mwezi wa Februari 2024, ikiomba umma shilingi bilioni 53.12 kwa muda wa miaka 10 na riba ya 13 na nusu katika mia kwa mwaka. Watu na makampuni wakaleta bilioni 54.72, zaidi ya zilizoombwa. Jambo hilo latufundisha kwamba fedha ya kukopesha ipo nchini, na bei yake twaijua. Mamlaka ya maji si halmashauri, lakini ni chombo cha umma kinachokusanya senti za watu kila mwezi, na kwa hiyo kipimo chake chatufaa.

Rudini kwa halmashauri yetu ya kubuni, na tuihurumie. Tuseme imejitahidi hata ziada yake ya shilingi 10 imesimama imara miaka yote kumi. Kwa riba ya 13 na nusu, na kulipa sawasawa kila mwaka kwa miaka 10, ziada hiyo yaweza kubeba deni la shilingi 53 tu. Wengi hudhani ni 100, kwa kuwa 10 mara 10 ni 100. Riba imekula 47. Basi wamekopa 53, wakajenga mfereji na barabara. Lakini kitu kilichojengwa chataka kuzibuliwa, kufagiliwa na kuzibwa nyufa. Tuseme matunzo hayo ni shilingi 6 kwa kila 100 zilizojengwa, kila mwaka. Yatatoka wapi? Katika ile ile ziada ya 10. Kwa hiyo deni linaloweza kubebwa pamoja na matunzo ya kazi yake si 53, bali 40. Na ikiwa wazee wa baraza ni waangalifu, wakaacha shilingi 3 za ziada zikae akiba kwa mwaka kama wa 2020, deni lashuka hata 28. Tofauti ya 53 na 28 ndiyo tofauti ya barabara itakayokuwa imara mwaka wa kumi na barabara itakayokuwa mashimo mwaka wa nne, huku deni lake likidaiwa bado.

Hapa Lemara jambo hili twaliona kwa macho. Mabwawa ya majitaka ya mji wa Arusha yalikuwa hapa petu kwa miaka mingi, na mji ulipokua yalilemewa. Mwaka 2015 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kuikopesha Serikali ya Jamhuri ya Muungano fedha za mradi mkubwa wa maji na usafi wa Arusha, ambao gharama yake yote ilitajwa kuwa shilingi bilioni 520. Visima vilichimbwa, mabomba yakalazwa, na mabwawa mapya ya majitaka yakajengwa Terrat. Nia ilikuwa kuongeza maji kutoka lita milioni 40 kwa siku hata lita milioni 200. Kazi hiyo ni kubwa na ya kusifiwa, hasa kwetu tulionywa maji yenye floridi ya mlima huu hata meno yakawa ya rangi ya udongo. Lakini maji ya kisima hayapandi yenyewe, huvutwa na pampu, na pampu hula umeme usiku na mchana. Mita ya umeme haiulizi kama maji yaliuzwa au yalimwagika katika bomba lililopasuka njiani. Deni lile lilichukuliwa na Serikali kuu yenye nguvu nyingi. Gharama ya kuendesha mradi ni ya mamlaka ya maji ya hapa hapa, nayo yatoka katika ankara zetu za kila mwezi. Kama mradi ule ungalikopwa na halmashauri peke yake, sijui ni mlima gani ungalibeba mzigo huo.

Liko na jambo la fedha ya kigeni. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,000. Katika mwaka 2024 ilipita shilingi 2,600. Mkopaji wa dola anayekusanya shilingi sokoni hulipa deni lililonenepa pasipo yeye kuongeza kitu. Kwa sababu hiyo sisi twapendelea deni la shilingi, ijapokuwa riba yake ni kubwa machoni.

Wengine hupenda kuuliza juu ya jirani zetu wa ng'ambo ya Namanga. Huko Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, kaunti 47 zilianza kazi mwaka 2013, na kifungu cha 212 chasema kaunti yaweza kukopa tu ikiwa Serikali ya taifa imeweka dhamana, na bunge la kaunti limekubali. Sheria yao ya fedha ya mwaka 2012 yataka mkopo uwe wa maendeleo tu, si wa kulipia mishahara, na kwamba sehemu zisizopungua 30 katika mia za makadirio ziende katika maendeleo. Kanuni za mwaka 2015 zikaweka mishahara isizidi 35 katika mia ya mapato, na deni lote lisizidi 20 katika mia ya mapato. Sheria hizo zina busara, hasa ile ya kukataza kukopa kwa ajili ya mishahara, maana akopaye ili ale leo atakopa tena kesho. Lakini tazameni kile kikomo cha 20. Kimepimwa kwa mapato, wala si kwa ziada. Kaunti mbili zaweza kuwa na mapato sawasawa, moja yabakiza 10 katika mia, nyingine haibakizi kitu. Sheria yazipa zote mbili kikomo kimoja. Ya pili ikikopa 20 haijavunja sheria, nayo imekwisha kuanguka. Kikomo cha sheria huonyesha mahali pa kukataza. Nguvu ya kukopa hutafutwa katika daftari ya matumizi.

Mtu atasema, "Basi ninyi makarani hamtaki tukope, mnataka tukae na matope." La, hasha. Kutokukopa nako kuna gharama yake. Mfereji usiojengwa mwaka huu hubomoa nyumba mwaka kesho, na barabara mbovu huvunja magari yaletayo ndizi na maziwa sokoni. Liko na deni jingine lisiloandikwa katika hati yo yote, nalo ni matengenezo yaliyoahirishwa: paa la shule lililongojea miaka mitatu hugharimu kuliko lile lililozibwa mara moja. Mwenye kukadiria vizuri huliandika na hilo. Mara nyingine hesabu itaonyesha kwamba ni heri kukopa 28 leo kuliko kungojea, na hapo ukope bila hofu. Na mara nyingine itaonyesha kwamba kuziba nyufa za barabara zilizopo kwafaa kuliko kukopa barabara mpya; jibu hilo halipendwi na mtu, kwa kuwa nyufa zilizozibwa hazizinduliwi kwa utepe.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Makadirio hupitishwa na madiwani kabla ya siku hiyo, na kabla ya hapo mitaa na kata huleta haja zao. Likija neno la kukopa, tungependa waalimu na wazee wamwulize diwani na mtendaji kwa heshima: ziada ya miaka mitano iliyokaguliwa ilikuwa kiasi gani? Mwaka ulio dhaifu katika muda wa deni ni upi? Matunzo ya kazi hii yameandikwa ukurasa gani? Asipopata ukurasa, msigombane naye. Mwombeni arudi nao katika mkutano mwingine.

Hesabu ya 53, ya 40 na ya 28 imeandikwa ubaoni hapa. Waalimu wakipenda wawape wanafunzi wakubwa waijaribu kwa riba ya 10 katika mia, kisha kwa riba ya 16, na majibu wayachukue nyumbani kwa wazazi wao.